Mwenye Gesti Anauliza Umekula

Binti yetu ana miaka tisa, na Kiswahili chake chote amekitoa kwenye gemu la Kijapani. Sitanii. Ukimwambia alete kijiko, analeta. Ukimwambia aache kuchezea pazia, anaacha. Anaelewa kila neno, hata yale ambayo sisi wakubwa tunadhani tumeyaficha. Lakini kujibu anajibu Kiingereza, na akikasirika anajibu Kizulu cha shuleni. Kiswahili kinamtoka wakati mmoja tu, akiwa ameketi sakafuni mbele ya televisheni, padi ya kuchezea mkononi, akiigiza sauti za watu wa kijiji kisichokuwepo.

Mimi na magemu hatupatani. Nafanya kazi Sandton, hapa Johannesburg, kwenye kampuni ya bima, upande wa madai. Kutwa nasoma maelezo ya watu waliogongwa, walioibiwa, waliounguliwa, kisha nauliza ilikuwaje. Mume wangu anasema hata nikisalimiwa nataka ushahidi. Kwa hiyo naomba nieleze lile gemu liliingiaje nyumbani kwetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Mume wangu ni Mwafrika Kusini aliyezaliwa Morogoro. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wapigania uhuru waliokimbilia Tanzania, na yeye na dada yake walizaliwa huko, wakakua huko, wakajua kutukana huko, mpaka nchi yao ilipofunguka wakaambiwa wafungashe, wanarudi nyumbani. Alikuwa na miaka kumi. Hiyo nyumbani hakuwahi kuiona hata kwenye picha ya maana. Walifikia kwa baba yao mdogo, mitaa michache tu kutoka Troyeville tunapoishi sasa, na watoto wa mtaani waliposikia Kiswahili chao walicheka hadi wakashika mbavu. Basi yeye na dada yake wakaamua kubaki ndani.

Baba mdogo aliwaonea huruma akawanunulia mashine ya gemu, zile za bandia zilizokuwa zimejaa madukani, pamoja na kaseti zake. Moja ilikuwa ya magari, nyingine ya kupiga risasi. Ya tatu ilikuwa na picha ya askari na joka, na maandishi yote ya Kijapani. Muuzaji hakujua ni kitu gani, na mnunuzi hakuuliza. Ndani yake hakuna risasi. Unatembea taratibu, unakutana na watu, kila mmoja anafungua kisanduku cha maneno, halafu anasubiri ubonyeze.

Watoto wengine wangeitupa kaseti hiyo. Hawa wawili hawakuwa na pa kwenda, wakaicheza. Kwa kuwa hawakuelewa hata herufi moja, waliamua wenyewe nani anasema nini, na waliamua kwa Kiswahili. Dada alichukua mfalme na wanawake wote, kaka akachukua askari, wauza panga na joka. Kuhifadhi walipofikia hawakuweza, maana mfalme alikuwa anakupa msururu wa herufi za Kijapani uzirudie siku nyingine, nao wangezirudiaje? Wakawa wanaiacha mashine ikiwaka siku nzima, wameifunika taulo baba mdogo asiione. Mashine ilikuwa inachemka, na mara moja taulo liliungua pembeni.

Kijijini kuna mwenye gesti. Shujaa akiwa hoi anaingia kwake, analipa kidogo, analala, anaamka mzima. Kwa mujibu wa hao watoto wawili, mwenye gesti huuliza kwanza, "Umekula?" Shujaa anajibu ndiyo, naye anasema, "Haya, lala." Asubuhi anamwambia, "Nenda. Ukirudi nipo." Ndiyo maneno yake yote, na binti yetu anayasema kwa sauti ya mtu mzima, nzito kidogo, sauti ambayo hakuisikia kwangu wala kwa shangazi yake.

Mwishoni kuna joka kwenye kasri lake. Joka linauliza swali, na wao waliamua kwamba swali lenyewe ni, "Unataka kurudi kwenu?" Walijibu ndiyo kila mara, kwa sababu lilikuwa jibu la juu. Kila mara skrini iligeuka nyeusi na mashine ikaganda. Wakakubaliana kwamba hadithi inaishia hapo. Mume wangu alimrithisha binti yake kaseti, mashine, sauti zote, na mwisho huo wa giza.

Mwaka jana, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi nikaamua kuichunguza hiyo kaseti kama ninavyochunguza dai. Nilitaka kujua watu wale wanasema nini hasa. Nikajikuta nimesoma hadi chakula kikapoa.

Gemu lilitengenezwa na vijana wachache wa Kijapani waliopenda magemu ya kompyuta kutoka Amerika, yale ya kutangatanga kwenye mapango na kupigana na mazimwi kwa hesabu. Hayo yalitaka kompyuta ya bei mbaya, kibodi nzima, na mtu mwenye subira ya fundi saa. Watoto wengi wa Japani walichokuwa nacho ni mashine ndogo chini ya televisheni, yenye padi ya vitufe vichache. Vijana wale wakaondoa kibodi, wakaweka kisanduku chenye maneno ya kuchagua: ongea, tafuta, fungua. Wakataka anayeshinda asiwe mwenye vidole vyepesi, awe anayevumilia tu. Kila pigano linamwongezea shujaa nguvu, hata yule mzembe mwishowe anafika.

Kilichonishika ni habari ya herufi. Kaseti ilikuwa na nafasi finyu mno, hata herufi ilibidi zibanwe. Mwandishi wao, kijana aliyetokea kwenye magazeti ya katuni, alichagua baadhi ya herufi za lugha yake, nyingine akaziacha nje, na kijiji kizima kikalazimika kuongea kwa hizo hizo chache. Ndiyo maana kila mtu mle anasema sentensi fupi, kisha ananyamaza. Na shujaa akanyimwa maneno kabisa, ili anayecheza ajisemee mwenyewe. Shujaa ana ndiyo na hapana, basi.

Nikatafuta pia swali la joka. Joka halimuulizi mtu habari ya kwao. Linasema: jiunge nami, nikupe nusu ya dunia. Ukisema ndiyo, umekwisha.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa ametoka kazini, yeye ni fundi wa lifti, mikono bado ina grisi. Aliosha kwanza.

"Eish," akasema. "Kumbe miaka yote tulikuwa tunakubali hongo."

"Mngejaribu hapana hata mara moja."

"Tulikuwa watoto wa wakimbizi. Mkubwa akikuuliza kitu unasema ndiyo."

Nilitaka kuendelea, lakini alikuwa amefungua friji, na akifungua friji mazungumzo yamefungwa. Binti hatukumwambia. Sikuona umuhimu.

Kisha mama yangu akaja kutoka Tanga. Alikuwa na presha ya macho kwa muda mrefu na akaificha kama anavyoficha kila kitu, mpaka jicho moja likazimika na la pili likabaki na mwanga na vivuli. Nilimpeleka kwa daktari bingwa. Daktari alikuwa mpole sana, na upole wake ukaniambia jibu kabla hajafungua mdomo. Kilichoondoka hakirudi, alisema. Kilichobaki nacho tujaribu kukilinda, lakini haahidi.

Kwenye gari mama hakulia. Tulisimama kwenye robot, taa za barabarani, za Bezuidenhout Valley, na akaniambia, "Huyu mtoto mara ya mwisho nilimwona akiwa anatambaa. Sura yake sasa siipati tena. Basi nipate sauti, nirudi nayo Tanga."

Hilo tu ndilo alilotaka Johannesburg, na lilikuwa gumu kuliko dawa.

Binti yetu alimpenda bibi yake. Nililiona mimi. Alimpelekea chai bila kutumwa, alimwekea mto mgongoni, alikaa karibu naye kwenye kochi. Ila bibi akimuuliza, "Umelala salama, mjukuu wangu?" anaitikia kwa kichwa. "Shule unaipenda?" Anatabasamu. Miaka yote ameishi kwa kichwa na tabasamu, na kwa watu wenye macho vilimtosha. Mama alikuwa anauliza, anasubiri, anageuza uso huku na huku kutafuta jibu lilipo, halafu anajifanya alikuwa anajikuna shingo.

Siku ya tano mama alinifuata jikoni akipapasa ukuta. "Mwanao hanitaki," akasema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Sisemi kwa ubaya. Mtoto hamjui mtu. Nami nimekuja nimechelewa."

Niliona uchungu hata kisu nikakiweka chini. Nikatoka nikamvuta binti chumbani, nikamwambia kwa ukali kwamba shikamoo siyo mlima, na kwamba bibi hana macho ya kuona kichwa chake kikitikisika. Akalia. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba Bibi atamcheka. Binamu zake wa Tanga walimcheka kwenye simu, wakamrudishia maneno yake kwa kuyapindisha, na yeye hataki kuchekwa tena. Nikakumbuka kwamba siku hiyo mimi pia nilicheka. Nikamfuta machozi, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Kesho yake namenya tena viazi, nikamsikia mama anaita kutoka chumbani kwake.

"Mwanangu! Mbona hukuniambia tuna mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mama wa hapo sebuleni, anayemuuliza mtu kama amekula."

Nikachungulia, kiazi mkononi. Sebuleni binti alikuwa peke yake, ametoka shule, na gemu limewaka.

Nikamwambia mama huyo ni mjukuu wake. Hakuamini. Alikuja mwenyewe akipapasa, akaketi kwenye kochi nyuma ya mtoto, na mtoto aliponyamaza kwa aibu, mama hakumwambia aongee. Alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Aliigeukia televisheni, ambayo kwake ilikuwa mwanga unaochezacheza, akasema, "Hodi hapo. Nimetoka mbali, nimechoka. Nitapata pa kulala?"

Nikasikia kitufe kikibonyezwa.

"Umekula?" akauliza binti yangu, kwa ile sauti nzito.

"Sijala," akasema mama.

Hilo halikuwa kwenye gemu. Shujaa siku zote amekula. Mtoto alifikiri kidogo. "Basi... kuna wali," akasema. "Kula. Halafu lala."

Tangu siku hiyo gemu likawa lao. Mtoto anaona, bibi anaamua. Mama alikuwa mchezaji wa ajabu. Alitaka kusalimia kila mtu kijijini, hata waliokwisha kuongea naye, na alikataa kuwapiga vile vidude vya bluu vinavyotabasamu, ambavyo kila mchezaji duniani huanza navyo.

"Kimekukosea nini?"

"Bibi, ni adui."

"Kimesema?"

"Hakisemi. Kinacheka tu."

"Basi kiache kicheke."

Kwa hiyo shujaa wetu alikuwa dhaifu kupindukia, na alikufa mara nyingi. Mfalme alimwambia kila mara, "Umekufa tena. Pole. Amka uende," na mama alikuwa anaitikia, "Nimeshapoa, baba." Kiswahili cha binti yangu kilikuwa kile kile kifupi cha wafalme na wauza panga, lakini mama hakukicheka hata mara moja. Alikijibu kilivyo. Na mimi, mtu wa madai, nilisimama mlangoni mara kwa mara nikisingizia kutafuta miwani.

Jioni moja tukiwa mezani mama akamgeukia mkwewe. "Baba, huyo mwenye gesti mlimtoa wapi?"

"Tulimbuni tu, mama."

"Thubutu. Mwenye gesti anauliza hela kwanza. Anayeuliza kama umekula si mwenye gesti, huyo ni mama wa mtu."

Mume wangu aliendelea kutafuna kwa muda. Kisha akasema kwamba Morogoro, jirani na kwao, palikuwa na mama mmoja muuza mkaa. Wazazi wake walipokuwa kwenye mikutano, na mikutano ilikuwa haiishi, yeye na dada yake walilala kwa mama huyo. Siku ya kuondoka, lori limeshawashwa, mama huyo alikuja amevaa khanga ya kazi, mikono myeusi, hakutaka kuwashika asije akawachafua nguo za safari. Akasema, "Nendeni. Mkirudi nipo."

"Ulirudi?" mama akauliza.

"Bado."

Alikuja Tanga kunioa, akakaa siku chache, akapanda ndege. Morogoro hakufika. Mara nyingi nilimuuliza kwa nini, na kila mara akasema ratiba. Usiku ule sikumuuliza tena. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kidogo kwamba mama, asiyeona, ameliona kabla yangu.

Badala yake nikaeleza swali la kweli la joka, kwamba linatoa nusu ya dunia. Mama akacheka. "Nusu ya dunia niifanye nini, na siioni?" Binti yangu aliacha kula. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba joka linasema kitu kingine, na kwamba kuna jibu la pili.

Walifika kwenye kasri la joka Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ya mama. Mashine ilikuwa imewaka tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia, na mume wangu alikuwa ameiwekea feni badala ya taulo. Ilipofika alasiri mawingu yakajikusanya upande wa Kensington kama kawaida ya majira haya, upepo ukabamiza milango, na mvua ya mawe ikaanza kulipiga bati letu. Niliwaambia wazime. Hawakunisikia, au walijifanya.

Mtoto alikuwa amepiga magoti. "Bibi, tumefika. Joka limesimama. Linasema..." Akasita. Najua alikuwa anachagua kati ya maneno mawili, la kweli na la baba yake. "Linasema, unataka kurudi kwenu?"

Radi ikapiga, na umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, feni ikazunguka kidogo ikaacha. Skrini ikawa nyeusi, na siku zote zile zikapotea na kila kitu walichokusanya. Ng'ambo ya uzio jirani yetu, fundi cherehani wa Lubumbashi, akapaza sauti, "Mama, courant iko kwenu?" na mume wangu akamjibu, "Eish, hakuna!"

Binti yangu alibaki ameishika padi. Nilitaka kumfuata.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Bibi, umeme umekatika."

"Kwangu haujakatika. Joka limeniuliza, nami nimejibu ndiyo, nataka kurudi kwetu. Halafu?"

"Halafu inakuwa giza, Bibi. Hadithi inaishia hapo."

"Giza nalijua. Watu wanapita humo humo. Halafu?"

Mtoto alitutazama, mimi na baba yake. Hatukumsaidia. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, amekunja mikono, na nadhani alikuwa anasubiri jibu kuliko mama.

"Halafu," akasema binti yangu taratibu, "joka linasema, haya, pita. Shujaa anapita. Haoni. Anashika ukuta. Anasikia... anasikia mtu anapika. Anauliza, ni nani? Mtu anasema, ni mimi. Nilisema nipo."

Akaendelea hivyo mpaka mvua ikakatika. Alikosea ngeli, aliazima maneno ya Kizulu pale ya kwake yalipoisha, alirudi nyuma akasahihisha. Aliwaleta mfalme, vidude vya bluu, wauza panga, wote wakala wali. Mama alikuwa anauliza tu, "Halafu?" na uso wake, badala ya kutafuta huku na huku, ulitulia upande mmoja. Mume wangu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia bati.

Jumatatu tulimsindikiza mama uwanja wa ndege. Kijana wa shirika alikuja na kiti cha magurudumu, na mama akakikalia kwa kununa, mkoba mapajani. Mume wangu alishika kamba ya sanduku muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwambia mkwewe kwamba Desemba atakuja na mtoto, na watapita Morogoro. Sikuwa nimeambiwa. Mama akasema karibuni.

Nilimwambia binti amuage bibi yake. Nilitegemea kichwa na tabasamu, maana palikuwa na watu. Akasogea mbele ya kiti, akaunyoosha mgongo.

"Umekula?" akauliza, kwa sauti ile nzito, na watu wawili wakageuka.

"Nimekula," akasema mama.

"Haya. Nenda. Ukirudi nipo."

Mama yangu ana neno kwa kila kitu, na nilimwona akilitafuta. Aliunyoosha mkono, akaupata uso wa mtoto, akaupitishia vidole taratibu kutoka kwenye paji hadi kidevuni.

"Ndiyo," akasema.